Kijana Aliyekwenda Mjini Kucheza Sinema



Leo nataka tuzungumze habari za sinema. Najua wako wazee watakaokunja uso na kusema, "Karani naye kapotea. Badala ya kutuandikia habari za watoto na ada za shule, anatuletea mambo ya wahuni." Ngojeni kidogo, wazee wangu. Sinema hii haikutengenezwa Ulaya wala Marekani. Ilitengenezwa hapa jirani, Nairobi. Maneno yake mengi ni Kiswahili, pamoja na kile Kiswahili cha mitaani wakiitacho Sheng. Na kijana anayesimuliwa ndani yake ni mtoto wa kijijini, mwenye baba na mama na ndugu, kama hawa wetu wanaokaa barazani jioni wakitazama barabara inayokwenda mjini. Tena ninayo sababu yangu mwenyewe ya kuizungumza, nayo nitaieleza mbele.

Jina lake ni Nairobi Half Life, kana kwamba mtu asema Nairobi, Nusu ya Maisha. Ilitoka mwaka 2012. Aliyeiongoza ni Bwana David Gitonga, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tosh, Mkenya, na hiyo ilikuwa sinema yake ndefu ya kwanza. Hadithi yenyewe iliandikwa na Wakenya. Msaada ulitoka Ujerumani, kwa Bwana Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann, wenye kampuni iitwayo One Fine Day Films. Na desturi yao ni kuwafundisha vijana wa Afrika kazi ya sinema kwa kuwatia katika kazi yenyewe, kama fundi seremala anavyomfundisha mwanafunzi wake kwa kumpa randa mkononi. Mwaka uleule wa 2012 Kenya ikaipeleka Marekani kushindania tuzo ya Oscar katika kundi la sinema za lugha za kigeni, nayo ikawa mara ya kwanza kwa Kenya kupeleka sinema yo yote huko. Haikupata. Lakini huko Durban, Afrika ya Kusini, katika tamasha kubwa la sinema la mwaka huohuo, kijana aliyecheza nafasi kubwa, Joseph Wairimu, alitajwa kuwa mchezaji bora wa kiume. Si haba.

Sasa sikilizeni hadithi.

Yuko kijana jina lake Mwas. Kazi yake kijijini ni kuuza sinema za santuri, zile DVD, sinema za Wazungu za kupigana na kupigana bastola. Lakini yeye hauzi kama muuza chumvi. Yeye husimama mbele ya watu akaicheza sinema nzima kwa mwili wake: mara yeye ndiye askari, mara yeye ndiye mwivi, mara analia, mara anaanguka chini amekufa, na watu wanacheka mpaka wanatoa fedha. Nanyi mmewaona watu wa namna hii. Katika vibanda vya video Tanzania watu walimpenda sana Lufufu, aliyekuwa akizitafsiri sinema za kigeni kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake humo; na Kenya wanaye DJ Afro kwa kazi ileile. Hicho ni kipaji, msikidharau. Mtu awezaye kuwashika watu mia kwa ulimi wake tu, pasipo ngoma wala taa, ana kitu alichopewa.

Mwas anataka kuwa mchezaji wa kweli. Basi siku moja wakaja wachezaji kutoka Nairobi kufanya onyesho huko kwao. Akamwendea mmoja wao, akamwomba amsaidie kuingia katika kazi ile. Yule bwana akamtazama akaona riziki imekuja yenyewe kwa miguu. Akamwambia: lete shilingi 1,000. Mwas alikuwa na 500 tu. Haidhuru, akazichukua, akamwambia nyingine 500 amletee Nairobi kwenye ukumbi wa taifa wa michezo.

Hapo kijana akaona mlango umefunguka. Lakini kabla ya kuondoka akaenda kwa binamu yake, mtu mwenye mali isiyojulikana shamba lake liko wapi. Binamu akampa shilingi 10,000 na redio ya motokaa, redio ya thamani, akamwambia aipeleke katika duka moja la vyombo vya umeme, barabara ya River Road, Nairobi. Mwas hakuuliza redio imetoka katika motokaa ya nani. Akaagana na watu wa kwao, akapanda basi.

Alipofika Nairobi hakumaliza hata siku moja. Wevi wakamvamia wakachukua redio, wakachukua fedha, wakachukua na mfuko wa nguo. Akabaki amesimama katikati ya mji mkubwa kama kuku aliyetupwa sokoni, hamjui mtu. Na kabla hajapata pa kulala, askari wakamkamata akatiwa korokoroni. Ndugu msomaji, liko jambo moja huko korokoroni ambalo ukiliona huwezi kulisahau: mgeni huyu anaamriwa kusafisha choo cha mahabusu, choo kilichofurika, ambacho hata kukitazama katika sinema mtu unaziba pua. Naye anakisafisha. Hatukani, halii, anafanya kazi kana kwamba yuko jukwaani na watu wanamtazama. Na kweli walikuwa wakimtazama. Miongoni mwao alikuwamo mtu mmoja jina lake Oti, mwivi wa siku nyingi, akampenda kwa moyo wake huo. Walipotoka akamchukua kwake.

Hivyo ndivyo Mwas alivyoingia katika genge. Hakuingia kwa sababu alipenda wizi. Aliingia kwa sababu katika mji wote ule mtu wa kwanza aliyemuuliza "umekula?" alikuwa mwivi. Mimi nimelifikiri sana jambo hili. Wangapi kati yetu tuna ndugu mjini ambao mtoto wa kijijini akibisha hodi kwao usiku watazima taa?

Kazi ya genge lile mwanzoni ilikuwa kung'oa vitu vya motokaa: vioo vya ubavuni, taa, magurudumu, na kuviuza. Watu wa Nairobi wanajua habari hizo. Iko barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani iliitwa Grogan na wengi wanaiita hivyo mpaka leo, yenye maduka mengi ya vipuri. Na ni mzaha wa siku nyingi wa Nairobi kwamba mtu aliyeibiwa kioo chake asubuhi huweza kwenda kukinunua mwenyewe jioni. Wakati huohuo Mwas hakuacha kutafuta lile lililomleta. Akaenda kujaribiwa pamoja na vijana wengine, akashinda, akapewa nafasi katika mchezo wa Phoenix Players, kundi la wachezaji ambalo kweli lilikuwako Nairobi. Basi mchana yuko na wenye motokaa, jioni yuko na wang'oa vioo. Ukumbini wanamwona mshamba mwenye kipaji. Mtaani wanamwona mwenzao mwenye ndoto za ajabu. Ndiyo hiyo nusu ya maisha. Wala hakuna nusu moja iliyoijua ile ya pili, ila yuko mwanamke mmoja, Amina, anayeuza mwili wake, rafiki wa Oti wa leo ndiyo kesho siyo, ambaye alikwenda kumtazama Mwas akifanya mazoezi ya mchezo wake. Katika sinema nzima ndiye aliyekwenda kumtazama kwa ajili yake yeye. Wanaomhukumu mwanamke yule na wakumbuke hilo.

Sasa yule binamu akatokea tena. Akamwona yule mtoto wa shamba amekomaa, macho makavu, akafurahi. Akamwingiza katika kazi kubwa zaidi, kunyang'anya motokaa nzima kwa bastola. Mwas alisita. Kisha akakubali. Na toka hapo mambo yanakwenda mbio kama gari lililokatika breki mteremkoni, mpaka polisi, nao ni polisi wala rushwa, wanawakamata wote na kuwapeleka mahali pasipo watu, si kortini. Rafiki zake wanauawa. Mwas anaponyoka, anafika ukumbini akiwa na vumbi na damu, na usiku ule anapanda jukwaani kucheza mchezo wake. Watu wanampigia makofi.

Hapo ndipo inapokwisha. Haisemi kama aliacha. Haisemi kama alipata kazi. Wako walioniambia kwamba huo ni mwisho mbaya, hautoshelezi. Mimi naona ni mwisho wa kweli, kwa kuwa wale wanaopiga makofi hawajui kitu; wanadhani damu ile ni ya mchezo.

Neno moja juu ya wale polisi, maana mtu wa kijijini aweza kudhani hayo yalitungwa tu kuwatisha watu. Mwezi wa Februari 2009 mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Bwana Philip Alston, alikwenda Kenya kuchunguza habari za watu kuuawa pasipo hukumu, na katika taarifa yake akasema wazi kwamba polisi walikuwa wakiua. Mwaka 2011 Kenya ikatunga sheria ya kuweka mamlaka ya kuwasimamia polisi, iitwayo IPOA, ili raia apate mahali pa kupeleka mashtaka yake. Kwa hiyo waliotengeneza sinema ile hawakuyatafuta mambo haya mbali. Waliyachukua barabarani.

Je, ni sinema ya kutazama na watoto? Hapana. Nasema mapema ili mtu asije kunilaumu. Ina matusi mengi, ina damu, na yamo mambo ya wanaume na wanawake ambayo mtoto wa darasa la tano hana haja nayo. Lakini kijana wa miaka kumi na minane au ishirini, anayekaribia kupanda basi, mimi ningependa aitazame, na baba yake aitazame pamoja naye, ijapokuwa watakaa wakitazama ukuta kwa aibu mahali fulani. Aibu ya nusu saa si kitu.

Maana, wasomaji wangu, jambo lililonishika mimi si bastola. Sinema za bastola ni nyingi. Lililonishika ni kuhesabu. Nilipokwisha kuitazama mara ya pili nilichukua karatasi nikahesabu wizi wote uliofanyika kabla ya Mwas kukanyaga Nairobi. Wa kwanza, zile sinema alizokuwa akiuza. Mnadhani wenyewe waliozitengeneza walipata hata senti moja kwa nakala za kuuzwa njiani vile? Kijana anataka kula kwa kazi ya sinema, naye riziki yake ya kila siku ni kuwanyima chakula wenye kazi hiyohiyo. Wa pili, zile shilingi 500 za yule mchezaji mwongo. Huo nao ni wizi, ila haukuvunja mlango. Wa tatu, redio. Basi uko hapo wizi wa aina tatu, na basi bado halijaondoka. Sisi tunapenda kusema, "Mji umemharibu mtoto wangu." Mji una makosa yake mengi, sikatai. Lakini mzigo ule alifungiwa nyumbani.

Nami sina haki ya kunyosha kidole sana, maana sinema hiyo niliiona mara ya kwanza kwa nakala ya namna hiyohiyo, katika kadi ya simu niliyojaziwa kwenye duka la mjini pamoja na nyingine kumi, kwa fedha kidogo. Tanzania tunayo sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1999. Naijua, nimeisoma. Na bado nilitoa kadi yangu nikasema, "Nijazie." Santuri zenyewe siku hizi karibu zimekwisha, lakini mtindo ni uleule.

Turudi kwa zile shilingi 500, maana hapo ndipo penye hatari kwa watoto wetu hivi sasa. Kijana akitaka kuwa mwalimu twajua njia. Akitaka kuwa fundi, twajua. Akisema nataka kucheza sinema, sote tunacheka, na kwa kuwa tumecheka anakwenda kuuliza kwa wageni. Na mgeni humwambia, "Lete fedha nikuandikishe." Basi nawaambia wazazi, lishikeni hili: kwa desturi ya kazi ile, mwenye sinema au mwenye mchezo ndiye anayemtafuta mchezaji. Huita watu, huwajaribu, huchagua. Kwenda kujaribiwa hakulipiwi. Mwas huyohuyo alipopata nafasi yake ya kweli hakuipata kwa fedha, aliipata kwa kusimama mbele ya watu na kuonyesha anachoweza. Atakayemwomba mtoto wako fedha ili ampe nafasi katika sinema, huyo sinema yake ni wewe.

Kama mtoto ana kipaji na fedha ziko, vipo vyuo. Bagamoyo kipo chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Nairobi iko Kenya Institute of Mass Communication, iliyoanza mwaka 1961, inayofundisha kazi za redio, televisheni na sinema. Zanzibar liko tamasha la sinema tangu 1998. Na Bwana Gitonga mwenyewe hakuanza kwa kuwa mkubwa. Kabla ya sinema yake alikuwa msaidizi katika sinema za watu wengine, kama ile ya The First Grader iliyotoka 2010, habari za Mzee Maruge wa Eldoret aliyeingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Msaidizi wa sinema, nimeambiwa, ni mtu wa kuamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Kazi ya sinema ina watu wengi ambao sura zao hamtaziona kamwe: wa taa, wa sauti, wa nguo, wa kupika chai. Wetu hawaambiwi hayo. Wao wanaona uso tu.

Sasa nieleze ile sababu yangu.

Mwaka juzi alikuja ofisini kijana wa kigango chetu kimoja, ambaye nilipata kumfundisha darasa la nne kabla sijawa karani. Alitaka barua ya utambulisho, anakwenda Dar es Salaam. Barua hizo naandika nyingi. Maneno yake nayajua kwa moyo, najaza jina tu. Nikamwuliza anakwenda kufanya nini. Akasema, "Mwalimu, naenda kucheza filamu. Nimekwisha andikishwa." Nikacheka. Nikamwuliza ameandikishwa na nani, akasema yuko bwana mmoja walizungumza kwa simu, amekwisha mpelekea shilingi 150,000. Baadaye nilipata kujua kwamba mama yake aliuza mbuzi watatu na gunia la alizeti ili zipatikane. Lakini siku ile sikuuliza zimetoka wapi. Watu walikuwa wengi mlangoni, ilikuwa siku ya kuandikisha watoto wa mafundisho. Nikagonga mhuri, nikamwambia, "Haya, usitusahau ukiwa tajiri."

Ikapita miezi mitano. Mama yake akaja ofisini, amevaa kitenge kipya, akanipa shilingi 30,000 za shukrani, akasema mwanawe ametuma, anafanya kazi katika filamu. Nikafungua kitabu cha stakabadhi. Nikaandika: shukrani, 30,000. Sikuuliza filamu gani. Mwezi wa nane akaja tena na 20,000. Nikaandika tena.

Halafu ndipo nikaitazama sinema hii. Niliitazama usiku, katika simu, mke wangu amelala. Ilipofika mahali pale binamu anapomkabidhi redio, na Mwas haulizi, nikaisimamisha. Nikakaa gizani. Nilikuwa nikikiona kitabu cha stakabadhi, mistari miwili, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Msidhani nilikuwa nimemhukumu yule kijana kuwa ni mwivi. Sikuwa na neno lo lote juu yake. Ndilo lililonitia hofu, kwamba sikuwa na neno lo lote, na fedha nilizipokea mara mbili.

Asubuhi nikaenda kwao kwa baiskeli. Nikamkuta mama anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukusalimu, na kuuliza habari za kijana. Ile filamu anayocheza inaitwaje? Nami nataka kuitafuta niitazame."

Akafikiri. Akasema hajui jina lake. Akasema alipomwuliza, kijana alisema bado haijatoka. Nikamwuliza anakaa mtaa gani, hajui. Anakaa na nani, hajui. Akaacha kupepeta. Akanitazama kwa namna ambayo nilitamani ningebaki ofisini. Akaniambia, "Karani, unajua kitu? Niambie kama unajua kitu." Nikamwapia kwamba sijui, na kwamba nimekuja kwa ajili hiyo hasa, kwa kuwa sijui.

Tukampigia simu, sisi wawili, sauti ikasikika nje. Aliposikia ni mimi akachangamka, "Mwalimu! Shikamoo!" Nikamjibu, kisha nikamwuliza waziwazi, mbele ya mama yake, "Mwanangu, unafanya kazi gani?" Akacheka. Akasema mambo ya filamu, Mwalimu, si nilikuambia. Nikamwambia, "Filamu gani? Na nani?" Akanyamaza. Nasikia motokaa zinapita kwake na mtu anauza maji kwa kupiga kelele. Akanyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani salio limekwisha. Mama yake akaisogelea ile simu akasema maneno mawili tu, "Baba, sema."

Akasema. Yule bwana wa 150,000 hakumwona hata siku moja. Alipofika Dar es Salaam simu yake ilikuwa imefungwa. Siku za kwanza alilala stendi. Wako vijana aliokutana nao pale waliomwita katika kazi zao za usiku, naye alikwenda nao mara moja, akakaa mbali akiwalindia. Hakusema walichofanya, na mama yake hakuuliza. Mara ya pili wakamwita hakwenda. Kisha akapata mzee mmoja mwenye kupiga picha za harusi, za kutembea, akamchukua. "Namshikia taa," akasema. "Yeye anapiga, mimi nashika taa. Jumamosi na Jumapili. Siku za katikati nabeba mizigo sokoni. Nilisema filamu kwa sababu ile kamera ni ya filamu kweli, mama. Sikutaka ujue habari za mbuzi."

Mama hakumjibu. Alishika ungo wake akaendelea kupepeta, polepole, mtama unaruka na kurudi. Nikamwuliza kijana kama anataka kurudi nyumbani. Akasema hapana, yule mzee ameanza kumwonyesha kamera. Akaomba nisiwaambie wenzake wa kwaya. Nami nimemwomba ruhusa ya kuandika haya pasipo jina lake wala la kigango, amekubali.

Ofisini sasa, kijana akija kwa barua ya utambulisho, namkalisha kwenye benchi. Namwuliza anakwenda kwa nani, na mtu huyo anajua kwamba anakuja? Nani amempa nauli? Amebeba mzigo wa mtu? Wengine wanakasirika. Juzi mmoja aliondoka pasipo barua, akisema kwamba hii ni ofisi ya parokia, si kituo cha polisi. Pengine ana haki.

Siku ile tulipokwisha kuzungumza kwa simu nilikaa kidogo, nikanywa uji. Nilipopanda baiskeli, mama yule akanifuata mpaka njiani, ameshika ungo kiunoni.

"Karani," akasema, "hiyo taa anayoshika, ni ya mafuta?"

"Hapana, mama. Ni ya umeme."

"Na harusi hizo, si ni mchana?"

"Nyingine ni mchana."

Akatazama jua, lilikuwa kali, karibu saa sita. "Sasa," akaniuliza, "mchana anamulika nini?"